Kiraka cha Maji

4 Februari

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia umesikia nimejiunga na klabu ya mashua za tanga, na kwamba umecheka mpaka mgonjwa wako akafumbua jicho ulilomwambia alifumbe. Cheka tu. Miaka arobaini na moja nimeinama juu ya cherehani nikishona sare za shule. Sasa nimestaafu na mgongo umekataa kunyooka, nikaona niupeleke mahali ambapo kila mtu anainama.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu mama yako hunimalizia sentensi, tena vibaya.

Ilianza hivi. Klabu ilibandika karatasi kwenye duka la nyuzi: wanatafuta fundi wa kujitolea kuziba matanga, naye atafundishwa kuendesha mashua. Nilikwenda kwa ajili ya matanga. Nilidhani tanga ni shuka lililopata cheo. Nikalitandaza sakafuni nikalilainisha kwa kiganja, likakataa kulala. Nikalivuta huku, likavimba kule. Nikasema moyoni, aliyelikata hili alikuwa amelewa. Kumbe kila kipande kimekatwa kwa mviringo, ukingo kwa ukingo, kama bega la koti, makusudi, ili likishiba upepo liote tumbo. Na tumbo hilo ndilo linaloivuta mashua. Mwanangu, nilikaa chini. Maisha yangu yote nimekata nguo zifuate mwili wa mtu, na kumbe kuna mwenzangu anakata nguo ya kuvaliwa na upepo!

Si hilo tu. Mashua inaweza kwenda kule kule upepo unakotoka. Si moja kwa moja. Unakata kulia, unakata kushoto, unapanda kidogo kidogo. Kazi hiyo inaitwa kubisha. Nimeifanya nchi kavu tangu utotoni bila cheti.

Mkufunzi wetu ni mama mwembamba, zamani alifundisha kupiga chapa. Tunamwita Filimbi, kwa sababu ndiyo lugha yake ya kwanza.

"Fundi, unatazama nini?"

"Tanga, mwalimu."

"Huo mshono umeshauona. Tazama upepo."

"Kwani upepo unaonekana?"

"Unaonekana. Ila kwanza ufunge mdomo."

Nikafunga. Na kweli, juu ya maji kulikuwa na weusi unaokuja mbio, kama mtu anapitisha mkono juu ya mahameli. Ulipotufikia mashua ikalala ubavu na moyo wangu ukalala nayo.

Nimegonga nguzo ya gati mara mbili, ile ya kushoto. Ina kisirani na mimi.

Mjomba wako,
Fundi


16 Februari

Shikamoo Mjomba,

Mgonjwa hakufumbua jicho. Mama anatia chumvi. Lakini nilicheka, hilo nakiri, hasa nilipokufikiria na jaketi la kuokolea juu ya ile fulana yako ya kufumwa.

Umenisimulia tanga, nami nikusimulie kitu cha kazini kwetu. Kliniki yetu ni chumba kimoja kirefu chenye pazia jeusi. Mgonjwa akikaa, namwelekezea taa nyembamba kwenye mboni, nasogea mpaka pumzi zetu zinakutana, natazama ndani. Kuna duara lenye rangi ya chungwa. Kuna mishipa inayotandaa kama mito kwenye ramani. Na kuna doa moja la manjano mpauko, dogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga, ambamo nyuzi zote za jicho zinakusanyika kwenda kwenye ubongo. Kila uso ambao mtu amewahi kuupenda umepitia pale. Mwaka wa tisa huu nafanya kazi hii na bado nikiliona nanyamaza kidogo. Wagonjwa wanadhani nimeona ugonjwa.

Nguzo hiyo, Mjomba. Mara mbili, na yote kushoto?

Mpwa wako wa macho


3 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Kwa kifungo cha shati la mtoto mchanga umenipata; nimewahi kuvishona, vinapotea kwenye mstari wa kiganja.

Sasa nikueleze zamu, maana hapa hakuna anayesafiri bure. Kila mwanachama anajitolea: wa kusugua mashua, wa jikoni, wa boti ya uokoaji, wa mnarani. Mimi nimepewa mnara, kwa kuwa wanasema fundi cherehani ana jicho. Mnara wenyewe ni kibanda juu ya miguu minne, ndani mna stuli, darubini na kamba ya bendera. Bendera ikiwa juu, boti ya uokoaji iko tayari na injini yake. Ikishuka, boti inavutwa nchi kavu na watu wanakwenda zao. Kwa hiyo anayeshusha bendera ndiye anayesema: maji hayana mtu.

Chini ya mnara kuna ubao wa vibati. Kila mwanachama ana kibati chenye namba yake. Ukienda majini unakihamisha mwenyewe kwenda upande ulioandikwa MAJINI. Ukirudi unakirudisha NCHI KAVU. Ukisahau, adhabu yako ni kusugua choo. Wa mnarani anatazama ubao, kisha anatazama ziwa zima mara mbili, kushoto hadi kulia, ndipo anagusa kamba.

Mwenzangu wa mashua ni Dada Rangi. Anapaka nyumba, na kucha zake zinakuambia wiki hiyo kapaka nyumba gani. Mdomo hauna breki. Juzi aliniambia, "Fundi, ukikata kona hivyo hata suruali ungeiharibu." Nampenda sana.

Wiki jana Filimbi alitufunga vitambaa machoni. Ndiyo! Mafunzo yao. Unashika usukani gizani, mwenzako amenyamaza, unatafuta upepo kwa masikio. Wenzangu walizunguka kama kuku aliyegongwa kichwa. Mimi nikageuza shingo pole pole mpaka masikio yote mawili yakapata baridi sawa, nikajua: pale. Tanga likashiba. Nikaisikia mashua ikianza kuimba kwa chini, mtetemo unaoingia kiganjani kupitia usukani, kama cherehani iliyopakwa mafuta. Filimbi hakupuliza. Nilipofungua kitambaa nilikuta wote wamesimama gatini wananitazama. Sijatazamwa hivyo tangu siku ya harusi, na siku ile walikuwa wanamtazama mke wangu.

Mtihani ni tarehe 14 Aprili. Ukifaulu unaruhusiwa kwenda peke yako, ukazunguke kile kisiwa cha katikati ya ziwa bila mtu. Nikuambie ukweli, mwanangu, sijawahi kutaka kitu hivi. Nimeshona nguo za watu wengine waende shule, waende kazini, waende kuolewa. Hili moja nataka kwenda mimi.

Watu wa hapa wana tabia ya kunitokea ubavuni kama majini wa hadithi. Mhazini wa klabu kanitokea hivyo, nikampiga sinia la chai kifuani. Yeye anadai alikuwa amesimama pale dakika tano.

Fundi


11 Machi

Mjomba,

Safari hii sicheki. Kaa kwenye kiti, tazama mbele, usigeuze macho. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, uvichezeshe vidole, uilete mbele taratibu. Uniandikie ni mkono gani unauona kwanza, na wa pili unauona ukiwa umefika wapi.

Nguzo, sinia, majini wanaokutokea ubavuni. Niambie na mhazini alikuwa upande gani.

Jibu hilo tu. Mengine baadaye.

Mpwa wako


28 Machi

Mpwa wangu,

Nilikuwa na kazi nyingi, vidole vyangu havikupata nafasi ya kucheza.

Tumepatwa na jambo. Hajafa mtu, nalitanguliza hilo ili usome vizuri.

Jumamosi jioni mashua zilikuwa zinarudi. Kati ya waliotoka alikuwemo Mkunga, mama mmoja wa zahanati, na mashua yake ya mtu mmoja. Dada Rangi alirudi, akapita kwenye ubao, akakuta kibati cha Mkunga bado kiko MAJINI. Bafuni kulikuwa na mtu anaimba, akadhani ndiye Mkunga. Akasema, huyu Mkunga kajisahau, kesho watamsugulisha choo na mgongo wake ule. Akamhamishia kibati kwa huruma. Aliyekuwa anaimba bafuni ni mhazini.

Ubao ukaonyesha wote nchi kavu. Bendera ikashuka. Boti ikavutwa. Tukanywa chai.

Mlinzi alipokwenda kufunga lango ndipo akaja na kuuliza, "Hii baiskeli ya nani?" Ilikuwa ya Mkunga. Filimbi alikimbia, na ana miaka sitini na mitatu, akaisukuma boti majini na viatu vyake vya ofisini.

Walimkuta upande wa kushoto, ng'ambo ya matete mafupi, mashua imepinduka, yeye amekaa juu ya tumbo la mashua kama mtu aliyepanda nyumbu. Alikuwa hapo kwa muda wa saa moja na nusu. Midomo ilikuwa ya kijivu. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania ule ubao wa katikati unaochomoza chini ya mashua, ikabidi watu wawili waufungue mkono wake, kidole kimoja kimoja. Lakini unajua alisema nini walipomfikisha? "Msinipe pole nyingi. Sijawahi kukaa saa nzima bila mtu kunililia." Kisha akasema kwamba kule nyuma upepo ulikufa, maji yakawa kama kioo, na mbingu zilikuwa juu yake na chini yake, akaona aibu kupiga kelele. Akasema alijiona mdogo kama wale anaowapokea, na hakuogopa. Nimelifikiria hilo kila siku.

Dada Rangi amesimamishwa. Kanuni ni kanuni: hagusi mtu kibati cha mwenzake. Jumapili ya tarehe 7 Aprili kuna mkutano wa kumfuta kabisa. Analia mpaka rangi ya kope inashuka. Inasikitisha, lakini kosa ni kosa.

Mtihani wangu haujaahirishwa.

Fundi


2 Aprili

Mjomba,

Umeniandikia kurasa mbili. Umemtaja aliyehamisha kibati, aliyeimba bafuni, aliyeuliza baiskeli, hata viatu vya Filimbi. Kisha ukaandika, "Bendera ikashuka." Bendera haijishushi. Nani alikuwa mnarani?

Sikuulizi kwa kuwa sijui.

Nisikilize sasa, si kama mpwa. Kuna ugonjwa unaitwa presha ya macho. Hauumi. Hauwashi. Unakula jicho kuanzia ukingoni, kama panya anayeanza na pindo la nguo, na katikati panabaki safi mpaka mwisho, ndiyo maana mtu anaendelea kutunga uzi kwenye sindano na kusema mimi ni mzima. Na jambo linalonishangaza kila siku ni hili: mgonjwa haoni giza pale palipoliwa. Ubongo hautaki tundu. Unachukua kitambaa cha jirani na kushona kiraka. Ukiwa ukutani unashona ukuta. Ukiwa barabarani unashona barabara tupu. Hakuna mshono. Wewe mwenyewe, fundi wa miaka arobaini na moja, usingeuona.

Kwa hiyo najua ulitazama, tena mara mbili, na sidhani ulisema uongo uliposema ziwa ni tupu. Ubongo wako ulimshonea Mkunga kiraka cha maji.

Lakini sasa umejua. Kuanzia mstari huu, ukinyamaza, huo utakuwa uongo.

Njoo kliniki. Kilicholiwa hakirudi, sikudanganyi. Kilichobaki tunaweza kukilinda.

Mpwa wako


4 Aprili

Bibi Polisi,

Nimepokea hukumu yako. Asante kwa kunikata kwa vipimo vya mbali bila hata kunipima.

Nina miaka sitini na sita. Nimepata kitu kimoja. Kimoja! Zimebaki siku kumi. Yule binti ni kijana, atapata klabu nyingine, ana macho ya kupakia dari. Mimi wakinivua jaketi leo, hawatanivika tena.

Tena kibati ni yeye aliyekigusa. Hilo nalo ubongo wangu umelishona?

Usinijibu.

Fundi


8 Aprili

Mpwa wangu,

Hukunijibu. Nilikwenda posta Ijumaa, nikaenda tena Jumamosi. Nilitaka unitukane kidogo, nipate cha kubishia.

Jumamosi usiku nilikaa kwenye kiti mbele ya kioo cha kujaribia nguo, nikanyoosha mikono. Wa kulia niliuona mara moja. Wa kushoto niliuleta, nikauleta, nikadhani nimeusahau kuusogeza. Ulinitokea karibu na pua, kama jini. Na kabla ya hapo, unajua nilikuwa naona nini pale? Ukuta. Ukuta mzuri kabisa, wenye ufa wake. Nikaurudisha mkono, ukuta ukajifunga. Nikauleta tena. Mwanangu, nilirudia mara ishirini. Niliogopa, lakini nisikufiche, nilistaajabu pia. Kazi safi namna ile! Sijapata kuona fundi kama huyo, na ananiibia.

Basi nikuambie jingine ambalo hukulijua. Kwa wiki sita nilikuwa nahisi. Mnarani nilikuwa nahesabu vibati kwanza, kisha nalitazama ziwa haraka, kama mtu anayesalimia kwa adabu. Niliuamini ubao kwa sababu macho yangu nilikuwa nimeanza kutoyaamini. Huyo ndiye aliyeshusha bendera.

Mkutano ulijaa. Dada Rangi alikuwa kiti cha mwisho, mikono mapajani, rangi ya kijani kwenye kucha. Filimbi akasoma kanuni. Akauliza kama yupo mwenye neno. Nikasimama.

Nikasema, "Zamu ilikuwa yangu. Kibati ni cha kukumbushia tu, anayejibu ni mnara. Nilitazama na sikumwona, kwa sababu upande wangu wa kushoto hakuna jicho. Nilikuwa nahisi, nikanyamaza, kwa kuwa nilitaka mtihani. Na wiki mbili hizi nimemwacha huyu binti abebe."

Nilitegemea kelele. Mkunga, aliyekaa mbele, aligeuka akanitazama kama anavyotazama mtoto aliyechelewa kulia.

Dada Rangi ndiye aliyesema. "Wiki mbili, Fundi. Wiki mbili napita kwako uniambie 'vumilia', na chai unanipa."

Nikasema, "Ndiyo."

"Basi kaa chini, nisije nikakutupia kiti."

Nikakaa.

Yeye wamempa onyo na miezi miwili ya kusugua, wamemrudishia kibati chake. Mimi wamenitoa mnarani daima. Mtihani wa kwenda peke yangu, daima. Sikupinga. Filimbi aliniandikia kwa mashine yake ya chapa, herufi zimenyooka kama askari. Mwisho kaongeza kwa mkono: matanga bado yanahitaji fundi.

Nakuja Jumatatu ijayo kwa basi la kwanza. Mwambie mama yako mwenyewe, mimi siwezi.

Mjomba wako


25 Aprili

Mpwa wangu,

Nimefika salama. Dawa ya matone naiweka kila jioni kama ulivyonielekeza, matone mawili jichoni, sita shavuni.

Sikukuambia kitu pale kliniki kwa sababu pazia lilikuwa jeusi na wewe ulikuwa kazini. Uliposogea na taa yako, ukatazama ndani, ukanyamaza. Najua uliniambia wagonjwa hudhani umeona ugonjwa. Mimi nilidhani umemwona mke wangu, na mama yako akiwa msichana, na foleni ndefu ya watoto wenye sare. Usiniambie ulichoona. Niachie hilo.

Zile karatasi mbili zilizotolewa na mashine, zinazoonyesha macho yangu, nimekuja nazo. Basini nilizitazama njia nzima. Jicho la kushoto weusi umekula karibu lote. La kulia umeanza, na umeanza upande uleule wa kushoto, kama waliopatana. Mtu anaishi miaka sitini na sita, halafu siku moja anapewa ramani ya mahali ambapo hajawahi kujua kwamba hayupo.

Jana nilikuwa klabuni nazibua jicho la tanga, lile tundu la kupitishia kamba. Dada Rangi akaja na ndoo yake ya kusugulia. Hatujasemezana tangu mkutano. Alikaa kulia kwangu, nadhani makusudi.

"Mpwa wako kasemaje?"

Nikampa karatasi. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza, akairudisha. Mtu wa rangi anajua weusi.

"Na hapa ndipo alipokuwa Mkunga?" Akaweka kidole penye giza, kucha ikiwa na chokaa.

"Hapo."

"Na huoni hata kivuli?"

"Naona maji."

Akavuta pumzi. "Ile mashua ya watu wawili bado haina mtu. Filimbi anasema unaweza kushika usukani ukiwa na mwenzako. Nimemwambia hakuna mwenye masikio kama yako, basi. Sikumwambia nimekusamehe."

"Sijakuuliza."

"Vizuri, usiniulize."

Nikamwambia sitaki huruma, maana huruma ya mwisho aliyoifanya ilimweka mtu juu ya mashua iliyopinduka. Alicheka, kisha akakasirika kwamba amecheka. Akaichukua tena ile karatasi, akailaza juu ya tanga, akainyoosha kwa kiganja chake kilichokaushwa na sabuni. Kidole chake kikarudi palepale penye giza, kikakaa.

"Basi mimi nitakaa hapa," akasema.

Fundi